Baba Mdogo Anawakaribisha Watu wa Dodoma

Dodoma, 3 Machi 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimefunikwa na vumbi na karatasi za mitihani kwa kiasi kinacholingana. Msalimie sana Mama Mdogo Khadidja. Mama yangu umwambie kwamba kanga zimefika, na kwamba sijakonda hata kidogo. Kwenye ile picha niliyowatumia, mpiga picha ndiye mbaya. Goti lako linaendeleaje? Na yule mteja wa Kibenga, amekwisha kuchukua makochi yake, au bado unayalalia mchana na kusema unajaribu sponji?

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu yako unaiweka sauti ya juu kabisa, na mara ya mwisho soko zima la Jabe lilijua kwamba nimemkataa mwalimu wa hesabu. Mpaka leo nikija likizo, mama muuza nyanya ananiuliza hali yake. Kwa hiyo barua hii nampa Pontien, dereva wa basi, naye ameniapia hataifungua.

Sasa maneno yenyewe. Mwezi wa tano Tamasha la Fasihi la Vyuo Vikuu, ambalo huhama mji kila mwaka, linakuja Bujumbura. Waandishi, walimu na wanafunzi watatoka Bukavu, Nairobi, na hapa kwetu Dodoma. Profesa Médiatrice, aliyenifundisha zamani, ndiye mkubwa wa kamati. Aliniuliza kama namjua mtu wa kuwakaribisha wageni kwa maneno ya kwetu, siyo hotuba ya kusomwa kwenye karatasi. Nilimtajia mtu mmoja tu, fundi wa makochi.

La pili ni hili. Mimi sitakuja, maana gari la chuo lina nafasi chache, na mkuu wa idara ametwaa moja ya kwake na moja ya begi lake. Lakini atakuja mwalimu Ilias, anayefundisha ushairi katika idara yetu. Ilias anataka kuniposa. Nimemwambia simjibu kitu mpaka wewe umwone kwanza, kwa sababu tangu Baba afariki wewe ndiye baba. Basi mwone. Mpe mkono, mkae, mnywe chai. Ni mtu wa kawaida tu, sina haja ya kumsifu. Ana upole, anapika wali usioshikana, na akiazima kitabu anakirudisha. Lakini sitaki kukushawishi.

Mwanao anayesubiri jibu kuliko anavyojionyesha,
Assia

*

Jabe, Bujumbura, 24 Machi 2025

Binti yangu Assia,

Amani ya Mungu ikufikie mapema, hata kama Pontien atachelewa. Goti langu linajua mvua kuliko redio. Khadidja hajambo, anakohoa akitaka kitu na anapona akikipata. Mama yako Mwanvua ameitazama picha yako tena na anasema mpiga picha hana kosa. Makochi ya Kibenga yapo. Sponji ni nzuri, nimeijaribu sana.

Profesa Médiatrice alikuja mwenyewe hapa kibandani. Alivaa viatu virefu, akakaa kwenye kigoda changu kama mtu wa nyumbani. Akaniambia: “Muzee Shakuru, tunataka kitu ya kwetu, ya asili. Usiandike kitu. Utaongea tu vile unaongeaka ku harusi.” Binti yangu, nilitaka kumkumbatia, ila Khadidja alikuwa anatazama.

Huwezi kujua barua yako imeniinua namna gani. Jirani yetu Chabani, yule kijana anayeuza vijora, amenunua spika mbili kubwa kama makabati, na sasa yeye ndiye anayeitwa kusema kwenye harusi zote. Anasoma vichekesho kwenye simu! Mimi siku hizi naitwa kushona viti ambavyo watu watakaa wamsikilize Chabani. Sasa ataona.

Kazi yangu unaijua. Kwenye posa mimi husimama upande wa binti. Wageni wakifika, nawauliza ninyi ni nani, nani kawaita, mbona mmepotea njia. Nawaambia hapa hakuna msichana, tuna mbuzi tu, tena wana kikohozi. Wao wanabembeleza, mimi nakataa. Wanabembeleza tena, nakataa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo inayowatoa jasho. Halafu nacheka, nafungua mikono, na nyumba nzima inapiga vigelegele. Mgeni aliyekataliwa vizuri anajua kwamba amefika kwa watu wenye heshima zao. Chabani hawezi. Chabani anasema “karibuni” tangu mlangoni, kama mtu wa hoteli.

Basi waandishi hawa, kwa kuwa ni watu wakubwa tena wametoka mbali, nitawakataa kama sijawahi kumkataa mtu. Na huyo Ilias wako nitampa heshima yake ya pekee.

Baba yako mdogo, ambaye ameanza kufanya mazoezi mbele ya kioo,
Shakuru

*

Jabe, 19 Mei 2025

Binti yangu Assia,

Salamu nyingi. Hatujambo wote. Mvua imekatika. Khadidja amenunua sufuria mpya, ina mfuniko.

Tamasha lilifanyika. Ukumbi ulikuwa mzuri, madirisha yake makubwa. Wapiga ngoma walipiga. Watu wa Bukavu ni watu wa ajabu, wanajua maneno, Mungu awape afya. Nilipewa kadi ya kuvaa shingoni imeandikwa “Msanii”, na nimeivaa mpaka msikitini, imamu ameisoma mara mbili. Chakula kilikuwa wali, sambusa na mikeke wa kukaanga, samaki wakubwa kweli.

Najua unangoja habari za watu wa Dodoma. Viti walivyopewa vilikuwa vizuri sana. Kitambaa cha buluu, sponji ngumu ya kudumu, na mshono wa nyuma umefichwa kwa ufundi. Niliweza kuvitazama vizuri kwa kuwa havikuwa na mtu.

Huyo mwalimu wako nilimwona. Ana miwani, na mgongo wake umenyooka. Chai hatukunywa. Alikuwa na haraka.

Goti linauma, naishia hapa.

Baba yako mdogo,
Shakuru

*

Dodoma, 8 Juni 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Wote huku wazima. Mama asalimiwe, Mama Mdogo asalimiwe, sufuria isalimiwe pamoja na mfuniko wake.

Barua zako mbili, ya Machi na ya Mei, zimefika siku moja. Pontien anasema ya Machi ilikuwa imeanguka chini ya kiti chake. Laiti ningeisoma ile kwa wakati wake, ningekuja Bujumbura kwa miguu.

Mgongo wa Ilias umenyooka, ndiyo. Kwa nini uliuona mgongo, Baba Mdogo? Ngoja nikueleze nilivyosimuliwa, kisha uniambie kama siku ile kulikuwa na mzee mwingine mwenye kanzu na kadi ya “Msanii”.

Anasema ngoma zilipokwisha alisimama mzee mmoja, akawatazama wageni wote kwa zamu, akauliza: “Ninyi nani? Nani aliwaita hapa?” Watu wa Dodoma wakatazamana. Mzee akasema humu ndani hakuna tamasha na wala halijawahi kuwepo, na vitabu vilivyokuwepo vililiwa na mbuzi. Watu wa Bukavu wakaanza kucheka na kujibu, lakini wenzangu huku hawaijui mila hiyo. Huku kwetu mtu akikwambia hakujui, unaomba radhi. Halafu yule mzee akanyoosha kidole, akashusha sauti, akasema: “Na wewe mwenye miwani, wewe ndiyo hata kidogo. Rudi kwenu.”

Ilias akainuka, akasema, “Samahani sana kwa usumbufu,” akatoka, na Dodoma nzima ikamfuata. Mkuu wa idara alitoka na begi lake.

Profesa Médiatrice aliwakimbilia mpaka barabarani, viatu mkononi, akiita, “Apana kwenda! Ni muchezo tu!” Alikuta gari limekwisha kuondoka. Aliwabembeleza kwa simu, lakini waliporudi kesho yake, zamu ya Ilias kusoma mashairi yake ilikuwa imepita, akapewa dakika chache wakati watu wanakula sambusa.

Yeye hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ananiambia, “Kwa wengine ulikuwa mchezo, lakini mimi mzee wako amenikataa mbele ya vyuo vikuu vyote, nimeelewa.” Ameacha hata kuniletea wali. Baba Mdogo, nilisema ni mtu wa kawaida tu. Si kweli. Nampenda.

Assia

*

Jabe, 22 Juni 2025

Binti yangu Assia,

Salamu. Nyumbani si kuzuri sana. Barua yako niliifungua kwa pupa, na kwa kuwa sikuwa na miwani, nilimpa Khadidja anisomee. Alisoma kwa sauti. Mama yako alikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo nakula chakula cha jana, na wakinipa wanasema: “Kula basi, we mutu ya kufukuza wageni ya watoto ya watu.”

Sasa na mimi nisikilizwe. Nilisimama pale kwa mapenzi. Watu wa Bukavu nilipowaambia hapa hapana tamasha, mzee wao alisimama palepale akanijibu: “Baba, sisi tulisikia arufu ya chakula toka Bukavu, njo maana tulifika. Utatufukuza, lakini pua yetu itabaki!” Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nikawakataa tena, wakanijibu tena, mimi mwenyewe nikacheka mpaka kadi ikageuka shingoni. Wale wa Nairobi hawakuelewa, lakini walikaa, wakapiga picha. Nikafika kwenye sehemu ya kufungua mikono, nikageuka kuwafungulia watu wa Dodoma, nikakuta viti.

Huyo Ilias, Profesa aliponionyesha alipokaa, nilimpa sauti ya chini! Sauti ile simpi kila mtu. Nilitaka apambane, aseme haendi popote, aseme amekuja kwa sababu kubwa, nami nipate kumjua mbele ya watu. Binti yangu, mtu anayekwenda zake kwa neno moja la mzee asiyemjua, siku ukimwambia “niache” kwa hasira ya mchana atafanya nini? Si atafunga mlango taratibu, aombe radhi kwa usumbufu? Nijibu hilo.

Lakini nakiri kwamba nilipoona vile viti vitupu nilisahau kushusha mikono. Nilijua kabisa nani amekaa pale, na nani amekaa Dodoma anangoja.

Baba yako mdogo ambaye halali vizuri, hata kwenye makochi ya Kibenga,
Shakuru

*

Dodoma, 26 Julai 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikaa na barua yako, nikaikasirikia, kisha nikampa Ilias aisome. Alisoma mpaka ile sehemu ya kufunga mlango taratibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, “Kumbe nilitakiwa kukaa?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi nakwenda tena.”

Kwa hiyo wanakuja, tarehe 16 Agosti, kuleta posa rasmi. Mama nimekwisha kumwambia kwa simu, yeye hana sauti ya juu. Mshenga wao ni Mzee Sulemani, mjomba wake Ilias, mtu wa Singida, mnene kidogo, mfuga ng'ombe. Mimi nitabaki huku kama adabu inavyotaka, nitafune kucha.

Nawe usiwe na wasiwasi, fanya kazi yako yote. Safari hii nimewafundisha. Nimewaketisha sebuleni kwangu, nikajifanya wewe, nikawafukuza mpaka nikapiga chafya. Nimewaambia: siku hiyo msiamini neno lolote la Baba Mdogo. Akisema hawajui ninyi ni nani, kaeni. Akisema nendeni, kaeni. Hata akibadilisha, akija na maneno matamu, huo ndio ufundi wake wenyewe, kaeni. Mzee Sulemani alifurahi sana. Alisema yeye katika maisha yake hajawahi kufukuzwa na kwamba anaingoja siku hiyo kwa hamu.

Wakatae vizuri, Baba Mdogo. Nakuamini.

Mwanao,
Assia

*

Jabe, 28 Julai 2025

Binti yangu Assia,

Salamu fupi, Pontien anapiga honi.

Mama yako ameniambia wanakuja tarehe 16. Nimefikiri, nimeswali, nimeamua. Sitawakataa hata kidogo. Sitathubutu tena kukuharibia. Neno langu la kwanza litakuwa “karibuni” na la pili litakuwa “ndiyo”. Mbuzi sitawataja. Waambie watu wako waje bila hofu, waingie, waseme salamu, na binti ni wao. Ninavyokupenda, nitasema hata kama anavyosema Chabani, tangu mlangoni.

Hakikisha wanajua.

Shakuru

*

Jabe, 23 Agosti 2025

Binti yangu Assia,

Natumaini u mzima na una nafasi ya kukaa chini. Leo asubuhi Pontien ameniletea barua yako ya Julai. Pamoja nayo, akiwa anatazama chini, amenirudishia ile yangu. Yako aliisahau ndani ya basi, na yangu haikufika kwako, maana basi liliharibika mpakani, likarudi na kila kitu kilichokuwemo. Sasa naelewa. Laiti ningeelewa Jumamosi iliyopita.

Walikuja. Ilias, Mzee Sulemani, na wanaume wengine wanne waliooga vizuri. Kwa kuwa viti havikutosha, niliwaweka kwenye makochi ya wateja. Watu wa Jabe walijaa mpaka dirishani, na Chabani alikuja kuona nitasema nini. Nikasimama. Kila mtu alikuwa anangoja mbuzi. Nikasema: “Karibuni. Tunawajua. Tumekubali. Binti ni wenu.”

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nyuma ya pazia nikamsikia Khadidja: “We Shakuru! Unatoa mutoto kama vile unatoaka kiti?” Mama yako akaanza kulia: “Hata mara moja hajakatala! Watu watasema tulikuwa tunatafuta mutu wa kumupa bure!” Chabani akatikisa kichwa, kwa huruma. Huruma ya Chabani, Assia!

Hapo Mzee Sulemani akainuka. Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuonywa. Akasema: “Tumesikia mnavyotufukuza. Hatuondoki.” Akakaa, na kochi la mteja likalia. Nikamwambia, mzee, sijawafukuza, nimewakubali. Akawageukia wenzake akasema, “Mnaona? Ndiyo hayo maneno matamu.” Niliapa. Akanipigia makofi. Nikapandisha sauti, nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, nao wakasema hapana, hapana, hapana, mpaka watu wa dirishani wakaanza kuitikia pamoja nao. Kweli nakwambia, haijawahi kutokea posa iliyochekesha kama hiyo hapa Jabe. Mama yako alisahau kulia. Tulisoma Fatiha, tukala pilau, kila kitu kikakamilika kwa sheria. Nikasema sasa mkapumzike hotelini.

Wakasema hawaondoki.

Mpaka leo wapo. Mteja wa Kibenga amekuja hatimaye kuchukua makochi yake, akamkuta Mzee Sulemani amelala juu yake na shuka. Akasema atarudi. Khadidja anapika kwenye ile sufuria mpya mpaka mfuniko umepinda. Kila asubuhi nawaamsha, nawaambia mmekubaliwa, rudini kwenu salama. Mzee Sulemani ananishika mkono na kusema, “Unaijua kazi yako, bwana, tulikuwa tumesikia sifa zako.” Nilitaka kukupigia simu mbele yake, akasema sauti ya kwenye simu hata yeye anaweza kuiga, anataka mwandiko wako. Ilias nadhani amekwisha kuelewa, lakini hawezi kumpinga mjomba wake. Au hataki. Sijamwuliza.

Huyo Ilias anakaa nami kibandani. Ananishikia kitambaa nikipiga misumari, wala hakivuti. Jana nilimwambia, nusu kwa utani, kijana ondoka bwana, umenichosha. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, “Samahani sana, Baba, siondoki.” Nilijifanya natafuta nyundo. Ilikuwa mkononi.

Kwa hiyo nakuomba, andika leo hii, kwa mkono wako, umpe Profesa Médiatrice, anayekuletea barua hii akija huko kwa mkutano, si Pontien. Mwandikie Mzee Sulemani na wale wanne kwamba wamekubaliwa kweli na wanaweza kwenda. Mimi hawaniamini tena.

Ilias usimwandikie. Huyo mwache kwanza.

Baba yako mdogo,
Shakuru